MWENYE JEMBE NA MWENYE KARATASI
Somo la historia kwa madarasa ya watu wazima, kama lilivyosomwa katika redio

Maneno ya somo la leo. Mwalimu ayaandike ubaoni kabla ya kipindi kuanza, na wanafunzi wayasome kwa sauti:

hati – karatasi ya Serikali inayoonyesha haki ya mtu juu ya ardhi
pango – malipo ya kutumia mali ya mwingine kwa muda
masharti – mambo ambayo lazima yatimizwe
fidia – malipo ya kitu ulichonyang'anywa au kilichoharibiwa
mila – desturi za wazee ambazo watu huzifuata
rufani – kupeleka shauri katika mahakama ya juu zaidi

Kamwene, ndugu zangu. Hamjambo ninyi mliokusanyika darasani jioni hii katika mtaa wa Mlandege, mjini Iringa. Hamjambo pia ninyi wa Kilolo, Mufindi, Njombe, Mbeya na Rungwe. Wazee wetu shikamooni. Ketini vizuri, mwalimu apunguze kelele za nje, nasi tuanze.

Somo letu la leo ni la historia, lakini si historia ya mambo yaliyokufa. Ni habari ya ardhi: nani aliruhusiwa kukaa juu yake, nani alifukuzwa, na kwa nini. Nimelichagua somo hili kwa sababu kila mmoja wenu anakaa mahali. Mwingine ana kiwanja mjini chenye hati ya miaka 33 au miaka 99. Mwingine amepanga chumba, lakini ana shamba alilorithi kwa baba yake huko kijijini. Mwingine alinunua kipande kwa jirani, wakapeana mikono mbele ya mashahidi wawili, na mpaka leo hana karatasi yo yote. Wote watatu husema, "Ardhi hii ni yangu." Je, wote watatu husema kitu kimoja?

Hebu tufuate neno hilo, "yangu," tangu zamani za Wajerumani mpaka siku hizi.

1. Amri ya mwaka 1895

Kabla ya Wajerumani, katika sehemu nyingi za nchi hii mtu alipata ardhi kwa kufyeka pori, kwa kurithi, au kwa kupewa na wakuu wa mahali pake. Haki yake haikuandikwa. Ilikaa katika vichwa vya majirani. Jirani alijua kwamba mtaro ule ni mpaka, na mti ule ulipandwa na babu wa fulani. Mtu akiendelea kulima, watu walimheshimu kuwa ndiye mwenye shamba. Kwa hiyo jembe lilikuwa ndilo shahidi.

Wajerumani walikuja na shahidi mwingine. Tarehe 26 Novemba mwaka 1895 Serikali yao ilitoa amri kwamba ardhi yote isiyokuwa na mwenyewe ni mali ya dola ya Ujerumani. Watu binafsi, wakuu wa makabila na wanakijiji waliweza kuachiwa ardhi kama walionyesha haki yao. Lakini angalia: nani alikuwa mwamuzi wa kusema kwamba pori hili lina mwenyewe au halina? Ni yule yule aliyelitaka. Shamba lililopumzishwa miaka michache ili lirudishe rutuba lilionekana machoni pa mgeni kama pori tupu. Malisho ya ng'ombe, ambayo hayalimwi, yalionekana vivyo hivyo.

Katika Uhehe amri hiyo ilifuata bunduki. Ngome ya Kalenga ilivunjwa tarehe 30 Oktoba mwaka 1894, na Mtwa Mkwawa akafa mwaka 1898. Baada ya hapo walowezi wa Kijerumani walianza kupewa mashamba katika nchi za baridi za Iringa. Walipewa karatasi zinazosema kwamba ardhi ni mali yao daima, wao na watoto wao, wakiweza kuiuza wapendavyo. Milki ya namna hiyo tutaiita milki ya daima.

Je, karatasi hizo zilidumu daima? La. Vita Kuu ya kwanza, ya mwaka 1914 mpaka 1918, ilimwondoa Mjerumani. Waingereza walizitwaa mali za Wajerumani kama mali za adui na kuziuza. Katikati ya miaka ya 1920 Wajerumani waliruhusiwa kurudi, na wengi wakaja Iringa na Mufindi, wakanunua au kupewa mashamba tena. Mwaka 1939 vita vya pili vikaanza. Mashamba yao yakatwaliwa kwa mara ya pili na kuwekwa chini ya mwangalizi wa mali za maadui, nao wenyewe wakazuiliwa.

Tukumbuke jambo hilo tunapoendelea. Karatasi ina nguvu kwa kadiri ya nguvu ya sheria iliyo nyuma yake. Lakini mwenye karatasi akinyang'anywa, huweza angalau kuonyesha alichonyang'anywa. Mwenye jembe tu, akinyang'anywa, huambiwa kwamba hakuwa na kitu.

(Mwalimu asimamishe hapa kidogo. Wanafunzi waeleze: katika kijiji chenu, mpaka wa shamba hujulikanaje? Nani hukumbuka?)

2. Sheria ya Mwingereza

Baada ya vita vya kwanza Tanganyika haikuwa koloni kamili la Uingereza. Uingereza ilikabidhiwa nchi hii na Shirikisho la Mataifa, iitunze. Kwa sababu hiyo sheria ya ardhi ya mwaka 1923 iliandikwa kwa maneno ya upole. Ilisema kwamba ardhi yote ni ardhi ya umma, iko chini ya mamlaka ya Gavana, naye aitunze kwa matumizi na faida ya wenyeji. Mtu hatapewa ardhi yenyewe. Atapewa haki ya kukaa na kuitumia, kwa muda usiozidi miaka 99, kwa masharti, na kwa kulipa kodi ya ardhi kila mwaka. Milki za daima zilizotolewa na Wajerumani, ambazo Waingereza walizitambua, ziliendelea kuwapo.

Mfano mwepesi ni huu. Nyumba ina mwenye nyumba na mpangaji. Mpangaji ana ufunguo, analala ndani, anapika ndani, na mwenye nyumba hawezi kuingia apendavyo. Lakini nyumba si yake. Akivunja masharti, au muda ukiisha, anaweza kuambiwa atoke. Mwenye hati ya miaka 99 ni mpangaji wa muda mrefu, na mwenye nyumba ni Serikali kwa niaba ya umma.

Sasa, Waafrika waliokuwa wakilima kwa mila za kwao walikuwa wapi katika mpango huo? Wao hawakuwa na hati. Mwaka 1928 sheria ilirekebishwa. Ikasema kwamba haki ya mwenyeji, au ya jamii ya wenyeji, wanaotumia ardhi kwa halali kwa kufuata mila zao, nayo ihesabiwe kuwa haki ya kukaa. Kwa maneno mengine, jembe nalo likatajwa katika kitabu cha sheria.

Ukitaka kujua uzito wa jambo hilo, tazama majirani zetu wa Kenya. Huko sheria ya mwaka 1915 iliifanya ardhi kuwa mali ya Mfalme wa Uingereza, na mwaka 1921 Mahakama Kuu ya Kenya iliamua kwamba Waafrika wanaokaa juu yake ni wapangaji wa Mfalme tu, wanaoweza kuondolewa wakati wo wote. Hapa Tanganyika maneno ya sheria yalikuwa bora kuliko hayo.

Lakini maneno bora katika kitabu hayatoshi. Sasa twende kaskazini, mbali na Iringa, katika mlima Meru, tuone jinsi watu wenye haki hiyo ya mila walivyofukuzwa.

3. Wameru wa Ngare Nanyuki, mwaka 1951

Mlima Meru uko karibu na Arusha. Miteremko yake ina mvua na udongo mzuri. Wakati wa Wajerumani walowezi walipewa mashamba kuuzunguka mlima, wakiwamo Makaburu waliotoka Afrika Kusini. Mashamba hayo yalikuwa kama mshipi uliomkaza mtu kiunoni. Wameru walibaki juu mlimani, na malisho yao yakawa ng'ambo ya mashamba ya Wazungu. Watu walipoongezeka na ng'ombe wakaongezeka, walihitaji sana nchi ya Ngare Nanyuki iliyo upande wa kaskazini-mashariki. Walikaa huko, wakajenga, wakachunga.

Baada ya vita vya pili Serikali ilimteua jaji mmoja, Mark Wilson, achunguze mambo ya ardhi ya Arusha na Moshi. Katika mpango uliotokana na kazi yake, Serikali ilitaka mashamba ya walowezi yawe pamoja katika sehemu moja, bila ya watu weusi kukaa katikati. Ngare Nanyuki ikakatwa iwe ya mashamba makubwa ya ng'ombe ya Wazungu. Wameru wa huko waliambiwa wahamie Kingori, nchi ya chini yenye joto zaidi. Serikali iliahidi kuitengeneza Kingori na kuwalipa fidia.

Wameru walikataa. Walisema, "Hapa ndipo petu, na huko mnakotupeleka ng'ombe wetu watakufa." Walikataa kuhama na wengi walikataa kupokea fedha za fidia, kwa maana kupokea fedha ni kukubali kwamba umeuza. Hawakuchukua silaha.

Mwezi wa Novemba mwaka 1951 Serikali ilipeleka askari. Watu wapatao 3,000 waliondolewa. Nyumba zilichomwa moto, na mifugo ikafukuzwa. Baadhi ya watu walikwenda kwa jamaa zao mlimani, ambako nafasi ilikuwa haba tangu hapo. Ng'ombe wengi wakafa.

Fikirini, ndugu zangu. Watu hawa hawakuwa wavamizi. Walikuwa na haki ile iliyotajwa na sheria ya mwaka 1928. Lakini haki yao ilikuwa "inahesabiwa" tu kuwa haki. Hapakuwa na hati wala ramani yenye jina la mtu, na Gavana aliyepaswa kuitunza ardhi kwa faida ya wenyeji ndiye aliyekuwa na uwezo wa kuigawa.

4. Safari ya New York

Basi Wameru walifanya nini? Walichanga fedha. Walikuwa na chama chao cha raia wa Meru, na mmoja wa viongozi wao alikuwa kijana aliyesoma, jina lake Kirilo Japhet. Walimpata wakili huko Moshi, Earle Seaton, mtu mweusi mzaliwa wa kisiwa cha Bermuda, ambaye miaka ya baadaye alikuwa jaji katika nchi yetu.

Wakati huo Shirikisho la Mataifa lilikuwa limekwisha, na Tanganyika ilikuwa nchi ya udhamini chini ya Umoja wa Mataifa. Maana yake ni kwamba Uingereza ilitawala, lakini ilipaswa kutoa hesabu mbele ya Baraza la Udhamini, na mwenyeji yeyote aliruhusiwa kupeleka malalamiko yake huko. Wameru walijua hivyo kwa sababu walikuwa na watu wa kusoma. Waliandika malalamiko, wakayapeleka.

Mwaka 1952 Seaton na Kirilo Japhet walikwenda New York wakaeleza shauri la Wameru. Fikirini mtu wa mlima Meru akisimama mbele ya wajumbe wa mataifa, akiishitaki Serikali inayomtawala, naye mjumbe wa Uingereza ameketi pale pale akisikiliza.

Je, walishinda? Kwa siku ile, hapana. Baraza la Udhamini lilisikitika kwa jinsi watu walivyoondolewa, lakini halikuamuru warudishiwe ardhi. Shauri likafika mpaka katika Mkutano Mkuu wa Umoja wa Mataifa. Azimio la kuwaunga mkono Wameru lilipata kura nyingi katika kamati, lakini mbele ya Mkutano Mkuu halikufikisha theluthi mbili zilizotakiwa.

Walakini safari ile haikupotea bure. Kirilo Japhet aliporudi alizunguka akiwaeleza watu aliyoyaona. Watu wa sehemu nyingine za Tanganyika walianza kuuliza: kama Wameru waliondolewa, sisi tutasalimikaje? TANU ilipoundwa tarehe 7 Julai mwaka 1954, habari ya ardhi ya Wameru ilikuwa imekwisha kuwafundisha wengi. Mwaka 1955 Mwalimu Julius Nyerere naye alikwenda katika Baraza lile lile la Udhamini. Walowezi wengi waliopewa mashamba ya Ngare Nanyuki hawakufanikiwa, na hatimaye nchi ile ilirudi mikononi mwa Wameru. Kirilo Japhet na Earle Seaton waliandika kitabu cha shauri hilo, kilichochapishwa mwaka 1967.

(Mwalimu asimamishe. Wanafunzi wajadiliane: kwa nini Wameru walikataa fedha za fidia? Je, walifanya vema?)

5. Milki ya daima yafutwa

Mwaka 1958 Serikali ya Waingereza ilileta shauri jipya. Ilipendekeza kwamba Waafrika nao waweze kupewa milki ya daima, ili mtu aweze kuweka ardhi yake rehani na kuiuza kama bidhaa. Wengine waliona ni heshima. Mwalimu Nyerere alipinga, akaandika kijitabu kiitwacho "Mali ya Taifa." Hoja yake ilikuwa kwamba katika nchi ya maskini, ardhi ikiwa bidhaa ya sokoni, wenye fedha wachache watainunua yote, na walio wengi watakuwa wapangaji katika nchi yao. Aliona ardhi ibaki ya wote, na mtu awe na haki ya kuitumia kwa kadiri anavyoifanyia kazi.

Baada ya Uhuru fikira hiyo ikawa sheria. Kuanzia tarehe 1 Julai mwaka 1963, milki zote za daima ziligeuzwa kuwa pango la Serikali la miaka 99, lenye masharti ya kuiendeleza ardhi. Yule mlowezi au tajiri wa mjini aliyesema, "Hii ni yangu daima," akawa mpangaji wa Serikali. Kisha kwa sheria ya mwaka 1969 mapango hayo nayo yakageuzwa kuwa haki ya kukaa, kama hati nyingine zote.

Nao waliokuwa wapangaji wa Waafrika wenzao walikumbukwa. Katika Bukoba palikuwa na desturi iitwayo nyarubanja. Zamani watawala wa huko waliwapa jamaa zao na watu wao wakubwa maeneo pamoja na watu waliokaa ndani yake. Mkulima aliyelima migomba yake siku zote alijikuta anatoa malipo kwa bwana, na akimkosea aliweza kufukuzwa. Sheria ya mwaka 1965 ilianza kuwafungulia wakulima hao njia ya kuwa wenye haki juu ya mashamba waliyoyalima, na sheria nyingine ya mwaka 1968 ikaupanua mpango huo kwa wapangaji wa namna hiyo mahali pengine.

6. Vijiji, na shauri la Kambi ya Simba

Kati ya mwaka 1973 na 1976 mamilioni ya watu walihamishiwa katika vijiji. Wazee waliomo darasani wanakumbuka, maana mikoa ya Iringa na Mbeya haikuachwa. Mtu aliacha shamba la babu yake akapewa jingine katika kijiji kipya. Na kijiji kipya chenyewe mara nyingi kilijengwa juu ya shamba la mtu mwingine, ambaye hakuulizwa na hakulipwa. Mara nyingi hapakuandikwa cho chote.

Katika miaka ya 1980 watu waliokuwa wamepoteza mashamba hivyo walianza kwenda mahakamani. Mmoja alisema, "Hapa ni pa baba yangu." Mwenzake akajibu, "Mimi nilipewa na kijiji, nimelima miaka kumi." Wote wawili walikuwa na sababu. Mahakama zilipowapa ushindi wenye mashamba wa zamani, wale waliopewa na kijiji wakakabiliwa na kufukuzwa.

Serikali ilitaka kuuzima moto huo kwa sheria moja. Sheria ya mwaka 1992 ilisema kwamba haki za mila juu ya ardhi zilizokuwapo kabla ya operesheni ya vijiji zimefutwa, bila fidia. Kesi zilizomo mahakamani zisimame. Na hukumu zilizokwisha kutolewa zisitekelezwe.

Katika kijiji cha Kambi ya Simba, upande wa Mbulumbulu, Mkoa wa Arusha wa wakati ule, walikuwapo baba mmoja na mwanawe. Mwezi wa Januari mwaka 1987 walikuwa wamekwisha kushinda kesi ya kurudishiwa shamba lao. Sheria ile mpya ilitaka kuufuta ushindi wao. Hawakukubali. Walikwenda Mahakama Kuu wakasema kwamba sheria hiyo inavunja Katiba ya nchi. Mahakama Kuu ikakubaliana nao. Serikali ikakata rufani.

Mwezi wa Desemba mwaka 1994 Mahakama ya Rufani, chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali, ilitoa hukumu. Sikilizeni sana, maana hapa ndipo jembe lilipokutana na karatasi mbele ya mahakama ya juu kabisa. Mahakama ilisema kwamba haki ya mila juu ya ardhi ni mali, na Katiba, katika ibara ya 24, inailinda mali ya mtu. Haiwezi kuchukuliwa bila fidia ya haki. Ikasema pia kwamba jasho la mtu aliyeitengeneza ardhi kwa kazi yake nalo lina thamani ya kufidiwa. Na majaji walionya kwamba kama haki hiyo isingekuwa mali, basi wananchi walio wengi wangekuwa wavamizi tu katika nchi yao wenyewe. Vifungu vilivyokataza fidia na kufunga mlango wa mahakama vikatupwa.

Tangu mwaka 1928 mpaka 1994 ni miaka 66. Ndivyo ilivyochukua muda mrefu mpaka yale maneno ya sheria ya mwaka 1928 yakapata ulinzi wa Katiba mbele ya mahakama. Na yalipata ulinzi huo kwa sababu wakulima wawili hawakukaa kimya.

7. Sheria za mwaka 1999, na wewe wa Mlandege

Mwaka 1999 Bunge lilipitisha sheria mbili, Sheria ya Ardhi na Sheria ya Ardhi ya Vijiji, zilizoanza kutumika tarehe 1 Mei mwaka 2001. Ardhi ilibaki ya umma, na Rais ndiye mdhamini wake kwa niaba ya wananchi wote. Lakini sheria zilisema waziwazi kwamba haki ya kimila ina hadhi sawa na haki iliyotolewa kwa hati. Mwanakijiji aliweza sasa kupewa hati yake ya haki miliki ya kimila. Tena sheria ilisema kwamba mwanamke ana haki ya kupata na kumiliki ardhi sawa na mwanamume. Akina mama, shikeni neno hilo.

Sasa turudi kwa wale watu watatu tuliowataja mwanzoni.

Wa kwanza ni mwenye kiwanja chenye hati. Yeye husema, "Nina karatasi, sina wasiwasi." Lakini je, ameisoma? Katika hati mna namba ya kiwanja, muda, kodi ya kila mwaka na masharti ya kujenga. Asiyelipa kodi ya ardhi au asiyetimiza masharti anaweza kupelekewa ilani, na asipojirekebisha haki yake inaweza kufutwa. Tena miaka ina mwisho. Tufanye hesabu pamoja: hati ya miaka 33 iliyoanza mwaka 1995 itakwisha mwaka gani? 1995 kuongeza 33 ni 2028. Mtu wa namna hiyo asingoje mwaka wenyewe ufike ndipo aulize habari za kuongezewa muda.

Wa pili ni mwenye shamba la urithi kijijini, naye yuko mjini. Ushahidi wake umo vichwani mwa wazee, na wazee hufa. Aende wakiwa hai. Mipaka ionyeshwe mbele ya majirani na viongozi wa kijiji, iandikwe, kisha aombe hati ya kimila. Tena asilitupe shamba. Sheria ya ukomo wa madai, ya mwaka 1971, iliweka miaka 12 kuwa muda wa kudai ardhi mahakamani. Anayenyamaza muda huo wote huku mwingine akilima, huenda akakuta mlango umefungwa.

Wa tatu ndiye ninayemhofia kuliko wote: yule aliyenunua kwa kupeana mikono. Muuzaji akifa, watoto wake watasema, "Baba alimwazima tu." Mashahidi wawili wakihama, amebaki na mdomo wake peke yake. Na kwa ardhi ya kijiji, mapatano ya watu wawili hayatoshi. Halmashauri ya Kijiji lazima ihusike.

Mtu akipelekewa barua ya kumwondoa, asiichane, wala asikimbilie panga. Mwaka 1951 Wameru hawakupigana. Walisoma, wakaandika, wakasafiri. Baba na mwana wa Kambi ya Simba nao walifuata mahakama mpaka juu. Barua ina tarehe, ina siku za kujibu, na ina jina la ofisi iliyoitoa. Isomeni. Mwone mwenyekiti wa mtaa au wa kijiji, na uulize baraza au mahakama ipi inayohusika kabla ya siku hizo kwisha.

Hapo ndipo darasa hili linapoingia. Wako watu waliobonyeza dole gumba katika karatasi wakidhani ni ya mkopo mdogo au ya kuazimisha shamba kwa msimu mmoja, kumbe ni ya kuuza. Wahenga walisema, "Mali bila daftari hupotea bila habari." Nami naongeza kwamba daftari usiloweza kulisoma ni la mtu mwingine. Ninyi mmeanza kusoma. Kwa hiyo mkiletewa karatasi ya ardhi, isomeni neno kwa neno, hata kama anayeileta ana haraka. Mkishindwa na neno moja, mwambieni angoje mpaka mwalimu aje.

Maswali ya kuzungumza darasani

1. Amri ya mwaka 1895 ilisema nini juu ya ardhi isiyo na mwenyewe? Nani aliamua kwamba haina mwenyewe?
2. Eleza tofauti ya milki ya daima na haki ya kukaa kwa miaka 99.
3. Kwa nini Wameru waliweza kupeleka shauri lao New York?
4. Mahakama ya Rufani ilisema nini mwaka 1994 juu ya haki ya mila?
5. Hati ya miaka 99 iliyoanza mwaka 1963 ingekwisha mwaka gani?

Kazi ya nyumbani: kila mwanafunzi aandike sentensi tano juu ya mahali anapokaa. Aandike ardhi ni ya nani, ilipatikana lini, mipaka yake ni ipi upande wa mashariki, magharibi, kaskazini na kusini, na majirani wanaoijua mipaka hiyo ni akina nani. Aisome mbele ya darasa, kisha akaihifadhi nyumbani mahali pasipoingia mvua wala panya.

Kwaherini, ndugu zangu.